Sanduku la Barua: Dozi yako ina namba, na una haki ya kuijua

Toleo lililopita niliandika juu ya vyumba vya eksirei vya hospitali zetu za Kanda ya Ziwa, nikawaomba mniandikie yanayowasumbua kuhusu upimaji wa mionzi. Mmeitika. Barua zimetoka Igoma, Kirumba, Sengerema, Ukerewe mpaka Geita. Nimechagua hizi kwa sababu kila moja imebeba maswali ya wengine wengi. Nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Vipimo vitatu vitajitokeza mara kwa mara, kwa hiyo tuvielewe mapema. Bekereli huhesabu ni atomu ngapi zinavunjika kila sekunde ndani ya kitu chenyewe, awe samaki, jiwe au dawa. Grei ni nishati ya mionzi iliyoingia mwilini: jouli moja kwa kila kilo ya mwili. Sivati ni grei iliyokwisha kuwekewa uzito wa madhara, maana aina za mionzi hazilingani kwa ukali, na viungo vya mwili havilingani kwa udhaifu. Sivati moja ni kubwa mno kwa maisha ya kila siku, ndiyo maana tunatumia milisivati, sehemu moja ya elfu. Pa kulinganishia ni hapa: mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na kwenye hewa anayovuta, hata kama hajawahi kukanyaga hospitali.

Beji yangu hairudi na majibu

"Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, Sengerema. Tunaunga mifupa tukitumia ile eksirei ya kusukuma yenye mkono wa nusu duara. Tumepewa beji za mionzi, lakini wenzangu wanaziacha kabatini, wanasema hazizuii chochote. Mimi yangu naivaa, ila sijawahi kuona majibu. Nikiuliza naambiwa 'wewe uko salama'. Ndani ya beji kuna nini, na ina faida gani?"

Marahaba, mwanangu. Wenzako wamepatia jambo moja: beji haizuii mionzi. Kinachokukinga ni aproni ya risasi (ile metali nzito), umbali, na kupunguza muda ambao mashine inawaka. Kazi ya beji ni kuweka kumbukumbu ya kilichokufikia.

Usiifungue, nitakueleza kilichomo. Kuna vipande vya fuwele vyenye upana wa milimita tatu hivi, mara nyingi vya litiamu floridi iliyotiwa magnesi na titani kidogo. Mionzi ikipita, elektroni ndani ya fuwele zinasukumwa kutoka mahali pake, na baadhi zinanasa kwenye kasoro ndogo za fuwele na kubaki humo wiki hata miezi. Beji ikifika maabara, fuwele inapashwa joto la nyuzi mia mbili na zaidi. Zile elektroni zinachomoka, na kila inayochomoka inatoa mwanga kidogo mno. Kuna kifaa kinachoudaka mwanga huo na kuupima. Kadiri unavyokuwa mwingi, ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa. Fuwele moja hufunikwa kwa plastiki nene ili ieleze kilichofika milimita 10 ndani ya mwili, nyingine hukaa chini ya kifuniko chembamba ili ieleze kilichoifikia ngozi. Ikishasomwa kwa joto, kumbukumbu imefutika, hakuna kurudia. Ndiyo maana beji iliyoachwa juani kwenye dashibodi ya gari, au iliyofuliwa pamoja na sare, majibu yake yanatiliwa shaka. Na ndiyo maana kila fungu la beji huja na moja isiyovaliwa na mtu, inayotunzwa mbali na mashine. Hiyo inapima mionzi ya asili ya mahali hapo na ya safarini, ili itolewe kwenye hesabu yako.

Ivae kifuani, kati ya shingo na kiuno, ndani ya aproni. Ukipewa ya pili, iweke kwenye kola, nje ya aproni, ili ieleze yanayoyapata macho. Usilipuuze hili la macho. Kikomo cha lenzi ya jicho kwa mfanyakazi kilikuwa milisivati 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilikishusha hadi 20, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho huja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kuhusu mahali pa kusimama: mionzi inayokufikia wewe kwa sehemu kubwa inatoka mwilini mwa mgonjwa, kwa sababu ikimpiga yeye inatawanyika kila upande. Mita moja kutoka kwake, kilichotawanyika ni kama sehemu moja ya elfu ya kile kinachoingia kwenye ngozi yake. Umewahi kusimama ufukweni usiku ukatazama karabai za wavuvi wa dagaa: taa ile ile inayokuumiza macho ukiwa mtumbwini, ukiwa mbali ni nukta tu. Mionzi nayo iko hivyo. Ukiongeza umbali mara mbili, inayokufikia ni robo. Hatua moja ya kurudi nyuma daktari anapokanyaga pedali haigharimu kitu. Tena simama upande wa kipokezi cha picha, usisimame upande wa bomba linalotoa mionzi.

Sasa nije kwenye hilo la "uko salama", maana linaniudhi sana. Hilo si jibu. Jibu la beji ni namba. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka ukihesabu miaka mitano mfululizo, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Mikono na ngozi ni 500. Majibu yako ya mwaka yanapaswa kuwekwa mezani ukayalinganisha mwenyewe na namba hizo.

Kuna hospitali moja niliwahi kuitembelea, nikakuta beji zote za idara zimetundikwa kwenye msumari mmoja nyuma ya ukuta wa kinga, pale anaposimama mpiga picha. Zilikuwa hazitoki hapo. Majibu yalipokuja yalisema zote ziko chini ya kiwango kinachosomeka, na mkuu wa idara akanionyesha karatasi kwa furaha. Kilichokuwa kimepimwa pale ni ukuta. Binti aliyekuwa akimshika mtoto mkono wakati wa picha, bila aproni, naye alikuwa kwenye orodha ile ile ya waliosalimika. Maneno "chini ya kiwango kinachosomeka" ni habari njema kabisa kwa mtu aliyevaa beji yake kila siku ya kazi. Kwa aliyeiacha kabatini hayana maana yoyote.

Kwa hiyo andika barua fupi kwa msimamizi wa kinga ya mionzi hapo kazini, uombe rekodi yako ya dozi tangu ulipoanza. Beji za wafanyakazi hapa nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na viwango vya kimataifa vya usalama vinasema wazi kwamba mwajiri amwonyeshe mfanyakazi rekodi yake. Vinasema pia rekodi itunzwe hadi mfanyakazi afikishe umri wa miaka 75, na isipungue miaka 30 baada ya kuacha kazi hiyo. Fikiri sababu yake. Saratani inayotokana na mionzi inaweza kuchelewa miaka ishirini au zaidi. Siku utakapohitaji kujua ulipata nini chumba kile, wengi wa mnaofanya nao kazi leo hawatakuwepo. Karatasi itakuwepo, kama iliandikwa.

Eksirei mia moja kwa mtoto mmoja

"Dada, pole na kazi. Mwanangu wa miaka mitano aligongwa na bodaboda hapa Igoma, akapoteza fahamu kidogo kisha akatapika. Wakampiga sitiskani ya kichwa, wakasema hakuna damu. Jirani yangu aliyesoma anasema hiyo ni sawa na eksirei mia moja za kifua na mtoto atapata kansa. Kwenye karatasi kuna maandishi DLP 480. Usingizi umenihama."

Pole sana, mama mwenzangu, na hongera kwa kuitunza hiyo karatasi. Wengi wanaitupa, na hapo ndipo jibu lilipo.

Namba ya DLP inaeleza mionzi yote ambayo mashine ilitoa katika kipimo hicho: ukali wake kwa kila kipande cha picha, ukizidishwa na urefu wa sehemu iliyopigwa. Kuigeuza kuwa milisivati, tunazidisha kwa kigawe cha kiungo na umri. Kwa kichwa cha mtu mzima ni 0.0021. Kwa mtoto wa miaka mitano ni 0.004, karibu mara mbili, kwa sababu mwili wake ni mdogo na viungo vyake viko karibu na mahali panapopigwa. Hesabu ya mwanao basi ni 480 mara 0.004, yaani milisivati 1.9 hivi.

Eksirei moja ya kifua ni kama milisivati 0.02. Gawanya, unapata karibu mia moja. Jirani yako hesabu ameipata. Tatizo ni kwamba amechagua kulinganisha na kipimo ambacho dozi yake ni ndogo mno, kwa hiyo kila kitu kikiwekwa kando yake kinaonekana jitu. Linganisha na ile 2.4 niliyoitaja mwanzo: mtoto wako amepata pungufu ya kile ambacho mwanadamu wa kawaida hupata kwa mwaka mzima bila kupigwa picha yoyote.

Hofu ya kansa nisiipite juujuu. Tunachokijua kinatokana zaidi na manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, ambao tangu mwaka 1950 wanafuatiliwa katika utafiti wa watu wapatao 120,000. Kutokana na hayo, kinga ya mionzi duniani hukadiria nyongeza ya asilimia 5 kwa kila sivati moja, ambayo kwa milisivati moja ni watu 5 katika laki moja. Watoto ni dhaifu zaidi, mara mbili au tatu. Ukichukua hata hiyo mara tatu, kwa dozi ya mwanao unafika kama 3 katika 10,000. Makadirio haya yalitungwa kwa ajili ya makundi ya watu, hayawezi kumtabiria mtoto mmoja, lakini yanakuonyesha ukubwa wa jambo. Upande wa pili weka mtoto aliyezimia na kutapika baada ya kugongwa. Damu ikivuja ndani ya fuvu, inaua kwa saa chache. Daktari aliyeagiza picha ile alifanya kazi yake.

Mimi ningekuwa na neno na hospitali kama DLP ingekuwa kubwa kupita kiasi, maana hilo hutokea pale mashine inapoachwa kwenye mpangilio wa mtu mzima huku aliyelala mezani ni mtoto. Siku nyingine ukiambiwa mtoto apigwe sitiskani, uliza maswali mawili bila woga: je, altrasaundi au MRI haiwezi kutoa jibu lile lile, kwa sababu hizo mbili hazitumii mionzi ya aina hii? Na je, mashine imewekwa kwa umri na uzito wa mtoto? Kisha chukua karatasi yenye namba, uiweke pamoja na kadi yake ya kliniki. Na leo ulale, mama.

Grei 50 kwa mama yangu

"Mama shikamoo. Mama yangu ametoka Ukerewe, ana saratani ya shingo ya kizazi na amepangiwa mionzi Bugando, grei 50 kwa awamu 25. Nimesoma kwamba grei 5 zinaua mtu. Tena, nani anahakikisha kwamba mashine inatoa grei 2 kweli na haitoi 3? Na akirudi nyumbani watoto wakae naye?"

Marahaba mwanangu. Mwambie mama tunamwombea nafuu.

Ulichosoma ni kweli: grei 4 hadi 5 zikiupata mwili mzima kwa mara moja, bila matibabu karibu nusu ya watu hufa. Maneno ya kushika hapo ni "mwili mzima" na "mara moja". Mama yako zinaelekezwa kwenye nyonga, na anapewa grei 2 kwa siku, siku tano za wiki. Katika saa zinazofuata kila awamu, chembe hai nzima hujitengeneza vizuri kuliko chembe za saratani. Ukirudia hivyo siku baada ya siku, pengo kati yao linakua. Ndiyo sababu nakusihi asikose awamu kwa ajili ya nauli ya kivuko au shughuli ya shamba. Kama kuna ndugu wa kumpokea Mwanza wiki hizo tano, bora akae huku.

Swali lako la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na ningetamani kila ndugu wa mgonjwa aliulize. Grei 4 ni jouli 4 kwa kilo. Kupasha kilo moja ya maji nyuzi moja tu kunataka jouli karibu 4,200. Maana yake ni kwamba dozi inayoweza kuua mtu ikiingia mwilini, inapandisha joto kwa sehemu moja tu ya elfu ya nyuzi. Mgonjwa hasikii kitu, mkono hausikii kitu, themomita ya hospitali haioni kitu. Madhara hayaletwi na joto. Nishati hiyo ndogo inakata nyuzi za vinasaba ndani ya chembe hai. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla vipimo havijakubalika, madaktari walipima kwa kuangalia ngozi imekuwa nyekundu kiasi gani, na wengi walijaribu mashine kwa mikono yao wenyewe. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikatwa mikono yote miwili kabla ya kufa mwaka 1904. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1936 wenye majina ya waliouawa na kazi hii.

Siku hizi kazi hiyo ni ya mwanafizikia wa tiba, mtu ambaye wagonjwa wengi hawamwoni. Anaweka tangi la maji chini ya mashine, kwa sababu maji yanafyonza mionzi karibu sawa na nyama ya mwili. Ndani yake anatumbukiza kichumba chembamba chenye hewa kidogo, kiasi cha sentimita ya ujazo 0.6. Mionzi inaipa hewa hiyo chaji ya umeme, chaji inahesabiwa, na kutokana nayo anapata grei kwa dakika. Kama mama anatibiwa kwa kobalti-60, nguvu ya chanzo hupungua kwa asilimia 1 hivi kila mwezi na hufikia nusu baada ya miaka 5.27, kwa hiyo muda wa kulala chini ya mashine lazima urekebishwe mara kwa mara. Mama akisema "mwezi huu wamenichelewesha sekunde kidogo kuliko mwezi jana", hapo hakuna kosa.

Zaidi ya hapo kuna ukaguzi wa nje. Tangu mwaka 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hupeleka kwa posta vipimio vidogo kwenye hospitali za nchi nyingi: zamani vilikuwa vidonge vyenye litiamu floridi, jamaa ya ile iliyo kwenye beji ya muuguzi wa Sengerema, na tangu mwaka 2017 ni vijiti vya kioo maalumu. Hospitali inavipiga grei 2 kama inavyompiga mgonjwa na kuvirudisha, na maabara iliyoko Seibersdorf, Austria, inasoma walichopata kweli. Tofauti ikizidi asilimia 5, hospitali inafuatiliwa mpaka sababu ijulikane. Muulize daktari wa mama: mashine hii ilipimwa lini mara ya mwisho? Hataona umemvunjia heshima.

Watoto wakae naye, wambembeleze bibi yao. Mionzi inayopigwa kutoka nje haibaki mwilini mashine ikishazimwa.

Cheti cha mionzi cha samaki

"Nafanya biashara ya samaki Kirumba Mwaloni. Mzigo wa kwenda nje unadaiwa cheti cha mionzi. Kwani Ziwa Viktoria lina nyuklia? Wateja wakisikia wanaingia hofu."

Ziwa halina shida hiyo, ndugu yangu. Desturi hii ilipata nguvu baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986 na kumwaga sesiamu-137 juu ya mashamba ya Ulaya. Sesiamu hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 30, na nchi nyingi zikaanza kutaka ushahidi kwamba chakula kinachovuka mpaka kimepimwa. Ulaya iliweka kikomo cha bekereli 600 kwa kilo, na 370 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga.

Maabara inachukua sampuli, inaiweka juu ya fuwele ya elementi iitwayo jerimani iliyopozwa sana, ndani ya kasha zito la risasi, na kusubiri. Kila chanzo cha mionzi kina nishati yake isiyofanana na ya kingine, kwa hiyo mashine inaitambua sesiamu bila kuichanganya na potasi ya asili iliyo ndani ya kila samaki, na ndani yako pia: mwili wa mtu mzima una bekereli zaidi ya 4,000 za potasi-40 saa hii unaposoma.

Waambie wateja hivi. Mtu akila kilo nzima ya samaki aliyefika kabisa kwenye kikomo cha 600, anapata milisivati 0.008 hivi. Angehitaji kula zaidi ya kilo 120 za samaki wa namna hiyo kwa mwaka ndipo afikie milisivati 1, kikomo kilichowekwa kwa mwananchi. Cheti kinasema sangara wako amepimwa, basi.

Nina mimba ya miezi miwili

"Ni mpiga picha wa eksirei, kazi naipenda. Niache?"

Usiache, lakini mjulishe mkuu wako leo, kwa maandishi, maana kinga yako inaanza siku unapotoa taarifa. Tangu hapo mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mwananchi: asizidishe milisivati 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki. Omba beji ya ziada uivae tumboni ndani ya aproni, na isomwe kila mwezi. Usishike wagonjwa wakati wa picha. Akuongezee zamu za altrasaundi kama ipo. Hongera sana.

Ajira za urani

"Mimi ni kijana wa Geita, nimesomea umeme wa migodini. Nasikia kuna urani Namtumbo. Huko na kwenye vinu vya nyuklia vya nje wafanyakazi wanapimwaje? Beji inatosha?"

Haitoshi, na nimefurahi umeuliza kabla ya kusaini mkataba.

Hiyo beji inaona mionzi inayotoka nje ya mwili. Kwenye mradi wa Mto Mkuju kule Namtumbo, kama kwenye machimbo yoyote ya urani, hatari ya kuangaliwa zaidi ni ile inayoingia na pumzi: vumbi la madini na gesi ya radoni. Hizo hutoa chembe za alfa. Karatasi moja inazisimamisha, ngozi inazisimamisha, lakini zikiwa ndani ya pafu hakuna cha kuzisimamisha, na kwa kila grei zinahesabiwa madhara mara 20 ya eksirei. Beji kifuani haizioni kabisa. Kwa hiyo mgodi unaojiheshimu una vifaa vya kunyonya hewa na kupima vumbi, vipimo vya radoni, na vipimo vya mkojo kwa wafanyakazi, kisha dozi ya ndani inajumlishwa na ya beji kwenye rekodi moja.

Kwenye vinu vya umeme wa nyuklia, mfanyakazi huvaa beji ya kawaida na pamoja nayo dosimita ya elektroniki inayoonyesha namba papo hapo na kupiga kelele akifikia kiasi alichopangiwa kwa kazi ile. Akitoka anapita kwenye lango linalopima mikono na miguu, na kwa vipindi anakaa ndani ya mashine inayohesabu mionzi ya mwili mzima. Kikomo katika nchi nyingi ni kile kile cha milisivati 20. Wewe waulize waajiri: vumbi mnapima vipi, nani anasoma, na rekodi yangu nitaipata vipi nikiondoka? Mwajiri asiyekuwa na jibu la haraka, mwogope.

Wala usidhani Geita mko mbali na haya. Migodi mingi ya dhahabu hutumia vifaa vya kupimia vyenye sesiamu-137 vilivyofungwa kwenye mabomba ili kujua uzito wa tope. Kikiwa mahali pake kimefungwa vizuri, hakina neno. Fundi umeme anayekifungua bila kumwita mhusika ndiye anayejitafutia balaa.

Chuma kizito ajabu

"Tunanunua chuma chakavu Igogo. Vijana wanaleta vitu tusivyovijua. Tutajuaje chenye mionzi?"

Barua hii naomba isomwe kwa sauti kwenye kila yadi ya chuma chakavu jijini.

Mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, vijana wawili waliingia kwenye kliniki ya mionzi iliyohamwa, wakachukua kichwa cha mashine ya zamani na kukiuza kwenye yadi ya chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawiana, wengine wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Serikali ililazimika kuwapima watu wapatao 112,000 na kukuta 249 wamechafuliwa. Mwaka 2000 ikatokea tena kwenye yadi huko Samut Prakan, Thailand, safari hii kobalti-60, na watu 3 wakafa.

Dalili za kutilia shaka ni hizi: kitu kidogo lakini kizito kupita kiasi, kwa sababu kimezungushiwa risasi, alama ya mabawa matatu, mara nyingi meusi juu ya njano, au ile mpya ya pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Chuma cha ndani kinachong'aa, au kilicho vuguvugu bila sababu, usikisogelee kabisa. Alama zinaweza kuwa zimekwanguliwa au kupakwa rangi, kwa hiyo uzito peke yake unatosha kukufanya usimame.

Usikate kwa gesi, usigonge, usikiweke mfukoni, usikifiche kwa kuogopa polisi. Waondoe watu umbali wa mita 30 pande zote, mtu mmoja azuie wapita njia, na piga simu polisi ukiwaomba wawajulishe Tume ya Nguvu za Atomiki. Kama umekigusa, nawa mikono kwa sabuni na maji mengi, usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa, vua nguo za juu uzifunge kwenye mfuko, na orodhesha wote waliokuwa karibu.

Na kama siku chache baadaye kijana wa yadini ana kichefuchefu, anatapika, au ngozi ya mikono inakuwa nyekundu na kutoa malengelenge bila kuungua moto, mpelekeni hospitali na mmwambie daktari waziwazi kwamba alishika chuma msichokijua, tarehe gani, na kwa muda gani. Goiânia wagonjwa wa kwanza walidhaniwa wana ugonjwa wa kitropiki, na kwa siku zile ambazo hakuna aliyetaja kile chuma, unga uliendelea kutembea nyumba hadi nyumba.